Nani Atafunga Nyota Akikaa Benchi?

Mwaka 1962 wachezaji wa NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, walipiga kura kumchagua mchezaji bora wa msimu. Enzi hizo kura ilikuwa mikononi mwa wachezaji wenyewe, si ya waandishi wa habari kama ilivyokuja kuwa baadaye. Mbele yao alikuwapo Wilt Chamberlain, aliyemaliza msimu kwa wastani wa pointi 50.4 kwa mchezo, na ambaye tarehe 2 Machi mwaka huohuo, katika mji wa Hershey, jimbo la Pennsylvania, alifunga pointi 100 katika mchezo mmoja. Rekodi hizo mbili hazijaguswa mpaka leo. Hata hivyo wachezaji walimpa kura Bill Russell wa Boston Celtics, aliyekuwa na wastani wa pointi 18.9. Hao walikuwa watu waliokumbana na wote wawili usiku baada ya usiku, waliosukumana nao chini ya kapu, wakajua kwa miili yao nani alikuwa mgumu kushindwa. Wakasema ni Russell.

Naanzia hapo kwa sababu mabishano yetu ya vijiweni kuhusu nyota wa kikapu huanza na hesabu ya pointi na kuishia palepale. Nani kafunga nyingi zaidi, nani ana pete ngapi za ubingwa, nani kampita nani. Kura ya 1962 inatuelekeza kwenye swali jingine. Nashikilia kwamba jina la nyota haliamuliwi na idadi ya mitupo aliyopiga, wala na upole wa tabia yake, bali na kile ambacho wenzake waliweza kukifanya kwa sababu yeye alikuwapo, na walichoendelea kukiweza baada ya yeye kuondoka. Kwa kipimo hicho, mchoyo si lazima awe yule anayerusha sana. Mchoyo ni yule ambaye siku akiumia kifundo cha mguu, wenzake wanne hawajui waanzie wapi, kwa kuwa kwa miaka yote kazi yao ilikuwa kumpa mpira na kusimama wakimtazama.

Russell alitwaa ubingwa mara 11 katika misimu 13. Chamberlain aliupata mara mbili. Watetezi wa Chamberlain, na wapo wengi hadi leo, husema kwamba Russell alizungukwa na wachezaji hodari huko Boston, na kwamba mtu mmoja hawezi kulaumiwa kwa udhaifu wa kikosi chake. Kuna ukweli ndani yake, na ningeukubali wote kama Chamberlain mwenyewe asingetuachia ushahidi wa kinyume. Katika msimu wa 1966/67, akiwa Philadelphia, kocha Alex Hannum alimtaka apunguze kurusha na aongeze kugawa. Wastani wake wa pointi ukashuka hadi 24.1, chini ya nusu ya ule wa 1962, na pasi zake za kufungisha zikapanda hadi karibu nane kwa mchezo. Timu ilishinda michezo 68 na kupoteza 13, ikaiondoa Boston njiani, ikatwaa ubingwa. Mwili ulikuwa uleule, mikono ileile. Kilichobadilika ni kwamba wenzake walianza kupokea mpira wakiwa mahali pa kufunga. Ukimwuliza leo shabiki wa kawaida kuhusu Chamberlain, atakutajia pointi 100. Wanaoujua mchezo kwa undani humtaja Chamberlain wa 1967, na ndio wanaomtendea haki.

Hapa hapakosi mtu wa kunitajia Michael Jordan na Kobe Bryant. Walikuwa wakali kwa wenzao, walitaka mpira dakika za mwisho, walirusha hata pale walipobanwa na watu wawili, na bado ndio waliobandikwa ukutani kwenye vinyozi na vibanda vya video Afrika Mashariki nzima. Ubinafsi wao haukuwaharibia jina, hivyo hoja yangu ina uzito gani? Jibu limo katika miaka yao wenyewe. Tarehe 20 Aprili 1986 Jordan aliwafunga Boston pointi 63, na timu yake ikapoteza. Ilimchukua misimu saba kupata ubingwa wa kwanza, 1991, baada ya kocha Phil Jackson kuleta mfumo uliomlazimu kuuachia mpira uzunguke. Juni 1997, ubingwa ukiwa unategemea mtupo mmoja dhidi ya Utah, Jordan alivutia walinzi wawili akampasia Steve Kerr, na Kerr akafunga. Bryant naye, baada ya kutengana na nyota mwenzake Shaquille O'Neal mwaka 2004, alibaki na Lakers wote mkononi mwake. Januari 2006 akafunga pointi 81 katika mchezo mmoja. Msimu huo na uliofuata Lakers walitolewa raundi ya kwanza. Pau Gasol alipofika Februari 2008 wakacheza fainali mwaka huohuo, kisha wakatwaa ubingwa 2009 na 2010. Pointi 63 na 81 ndizo zinazorudiwa kwenye simulizi, lakini kama wawili hawa wangeishia kwenye namba hizo, leo tungewataja kama tunavyowataja wafungaji wengine kumi waliofunga sana wakasahaulika. Ukali wao ulivumilika kwa kuwa hatimaye ulijifunza kuwaamini wengine.

Lazima pia nijilinde na kosa la upande wa pili, la kudhani kila anayerusha sana ni mbinafsi. Mwaka 2001 Philadelphia ilifika fainali ya NBA ikiwa na Allen Iverson, kijana mfupi aliyerusha kuliko wote, mwenye wastani wa pointi 31.1. Wenzake hawakulalamika, kwa kuwa timu ilijengwa kwa makusudi hivyo: yeye afunge, wengine wakabe. Na aliyekuwa nguzo ya ukabaji, aliyeletwa katikati ya msimu, alikuwa mtoto wa Kinshasa, Dikembe Mutombo, aliyetajwa mwaka huo kuwa mkabaji bora wa ligi kwa mara ya nne. Iverson alirusha akijua kwamba akikosa, Mutombo yupo chini ya kapu kuokota. Mutombo alikaba akijua kwamba yupo wa kufunga. Mgawanyo wa kazi wa namna hiyo hauna uchoyo ndani yake. Uchoyo huingia pale ambapo mmoja anajitwalia kazi ambayo mwenzake angeifanya vizuri zaidi, kwa sababu tu kazi hiyo ndiyo yenye makofi.

Mutombo alicheza misimu 18 na wastani wake wa pointi ni 9.8. Kwa hesabu ya vijiweni hiyo ni namba ya mchezaji wa kawaida. Lakini alizuia mitupo 3,289, wa pili katika historia ya ligi nyuma ya Hakeem Olajuwon wa Nigeria, na alipofariki tarehe 30 Septemba 2024 aliombolezwa Kinshasa na Atlanta kwa pamoja. Manute Bol, Mdinka kutoka Turalei, Sudan Kusini ya leo, anashangaza zaidi: katika maisha yake yote ya NBA alifunga pointi 1,599 na kuzuia mitupo 2,086. Alizuia zaidi ya alivyofunga. Kazi yake nzima ilikuwa kuwaondolea wenzake hatari. Na Bismack Biyombo wa Lubumbashi, mtu wa Kiswahili kama sisi, usiku wake mkubwa ulikuwa Mei 2016 dhidi ya Cleveland ya LeBron James: ribaundi 26, pointi saba, na Toronto ikashinda. Ukanda wetu, ukitazama vizuri, umewapa Wamarekani wachezaji wa aina moja kwa muda mrefu, watu wa kazi ya chini ya kapu, kazi inayoonekana tu pale isipofanywa.

Wasifu wa hao watatu kwa kawaida hukimbilia hisani yao. Mutombo alijenga Kinshasa hospitali yenye jina la mama yake, Biamba Marie, iliyofunguliwa 2007, na sehemu kubwa ya gharama aliitoa mfukoni. Bol alimaliza utajiri wake kwa wakimbizi wa vita vya Sudan, hadi akakubali kupigana ngumi kwenye televisheni mwaka 2002 ili apate fedha za kuwapelekea. Biyombo alitoa mshahara wake wote wa msimu wa 2021/22 ili ijengwe hospitali Kongo kwa kumbukumbu ya baba yake. Nawaheshimu kwa hayo yote. Lakini sitaki kuchanganya mambo mawili. Mtu anaweza kuwa mchoyo uwanjani na mkarimu nje ya uwanja, na anaweza kujenga hospitali bila kumwachia kijana yeyote nafasi ya kucheza. Hisani huokoa maisha, na hilo linatosha kuwa heshima. Timu ni jambo jingine, na lina kanuni zake. Ili kuona nyota akichukua tabia ya uwanjani na kuifanya kazi ya maisha baada ya kustaafu, inatubidi tumtazame mwanafunzi wa Bol.

Luol Deng alizaliwa Wau mwaka 1985, familia yake ikakimbilia Misri, na huko Bol akamfundisha kaka yake na yeye mwenyewe mchezo. Kutoka Misri wakaenda London, kisha yeye akaenda Marekani. Alicheza NBA misimu 15, zaidi ya nusu akiwa na Chicago Bulls. Hakuwahi kutwaa ubingwa. Hakuwahi kuwa jina la kwanza kwenye kikosi. Jina hilo lilikuwa la Derrick Rose. Alichokuwa nacho Deng ni dakika. Katika msimu wa 2011/12 na ule wa 2012/13 hakuna mchezaji katika ligi nzima aliyekaa uwanjani kwa wastani wa dakika nyingi kuliko yeye, na sehemu kubwa ya msimu wa kwanza kati ya hiyo aliicheza akiwa na kano iliyochanika kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, akiahirisha upasuaji. Kocha hamwachi mtu uwanjani muda huo kwa sababu ya pointi pekee. Anamwacha kwa sababu akitoka, wengine wanne wanapungua: hakuna wa kumkaba mshambuliaji mkali wa upande wa pili, hakuna wa kukimbia kwenye nafasi ambayo mpira huenda usifike.

Novemba 2019, mwezi mmoja tu baada ya kustaafu, Deng alichaguliwa kuwa rais wa shirikisho la kikapu la Sudan Kusini. Nchi yenyewe ilipata uhuru Julai 2011 na kuingia FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, mwishoni mwa 2013. Haikuwa na ukumbi wa ndani wa kuchezea kikapu wenye hadhi ya kimataifa. Januari 2020 timu ilipokwenda Nairobi kwenye mechi za awali za kufuzu, rais huyo mwenyewe ndiye aliyekaa benchi kama kocha. Nauli, hoteli, viwanja vya kukodi kwa mazoezi nje ya nchi, kwa sehemu kubwa vilitoka mfukoni mwake. Mwaka 2021 Sudan Kusini ilicheza Kombe la Afrika kwa mara ya kwanza, mjini Kigali, ikafika robo fainali. Mwaka 2023, katika Kombe la Dunia, iliwafunga China 89 kwa 69, Ufilipino 87 kwa 68 na Angola 101 kwa 78, ikachukua nafasi pekee ya moja kwa moja ya Afrika kwenda Olimpiki. Tarehe 20 Julai 2024, mjini London, ilipoteza kwa Marekani kwa pointi moja, 101 kwa 100, baada ya LeBron James kufunga zikiwa zimebaki sekunde nane. Siku nane baadaye ikaifunga Puerto Rico 90 kwa 79 katika mchezo wake wa kwanza wa Olimpiki. Kikosi hicho hakikuwa na nyota hata mmoja wa hadhi aliyokuwa nayo Deng mwenyewe. Kilikuwa na watoto wa wakimbizi waliokulia Australia, Marekani, Kenya na Uganda, wakicheza kwa pasi nyingi kuliko timu nyingi tajiri nilizowahi kuziona.

Ningependa msomaji akae kidogo na jambo hilo. Deng hakufunga hata pointi moja katika mechi zote hizo, na bado hakuna mtu aliyehusika nazo zaidi yake. Mmoja wa wachezaji wa Olimpiki hiyo ya Paris alikuwa Khaman Maluach, kijana wa miaka 17, mkimbizi aliyeanza kushika mpira wa kikapu mwaka 2019 huko Kawempe, Kampala. Mwaka huohuo wa Olimpiki alivaa pia jezi ya City Oilers ya Kampala katika ligi ya Afrika. Juni 2025 alichaguliwa wa kumi katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, na sasa yuko Phoenix. Kutoka Bol kwenda Deng, kutoka Deng kwenda Maluach: kila mmoja alipokea na kila mmoja amempasia anayefuata, na hakuna kati yao aliyehitaji pete ya ubingwa ili jina lake litajwe.

Sasa kuna pingamizi ambalo naliona zito kuliko la Jordan, na nimelifikiria sana. Linasema hivi: "timu kwanza" ni maneno ya matajiri. Ni kauli ambayo mwenye klabu humwambia mchezaji ili amlipe kidogo, na ambayo kiongozi wa michezo humwambia kijana wa timu ya taifa ili asiulize posho yake iko wapi. Ushahidi haukosekani. Mwaka 2012 Tim Duncan wa San Antonio alikubali mkataba wa karibu nusu ya mshahara aliokuwa akilipwa ili klabu ipate nafasi ya kubaki na wenzake. Wakatwaa ubingwa 2014, lakini na mwenye klabu naye alinufaika. Scottie Pippen, mhimili wa pili wa Chicago ya Jordan, alisaini mwaka 1991 mkataba mrefu wa mshahara uliokuwa mdogo mno kwa mtu wa kiwango chake. Tarehe 13 Mei 1994, zikiwa zimebaki sekunde 1.8 dhidi ya New York, kocha alipanga mtupo wa mwisho upigwe na Toni Kukoč, na Pippen akagoma kuingia uwanjani. Kukoč alifunga, Chicago ikashinda 104 kwa 102. Pippen ana ubingwa mara sita, na bado sekunde 1.8 hizo zinamfuata miaka thelathini baadaye. Deng mwenyewe, baada ya dakika zote zile na mkono ule ulioumia, Chicago ilimuuza Cleveland Januari 2014 waliposhindwa kuelewana juu ya mkataba mpya. Timu kwanza, sawa, lakini timu nayo humweka nani kwanza?

Nalikubali pingamizi hili kwa nusu, na nusu ninayoikubali ni muhimu. Kuomba malipo halali si ubinafsi. Mchezaji anayedai mkataba wake ulipwe hajawanyang'anya wenzake chochote. Mara nyingi anawafungulia njia. Kilichomgharimu Pippen haikuwa kudai fedha, kwani angedai asubuhi ile na hakuna ambaye angemkumbuka kwa ubaya. Kilichomgharimu ni kwamba hasira aliyokuwa nayo, iwe na haki kiasi gani, aliimalizia kwa watu ambao hawakumkosea: wanne waliosimama wakimsubiri na Bill Cartwright mkongwe aliyelia chumbani baada ya mchezo. Nusu ninayoikataa ni ile inayosema kwamba kwa kuwa viongozi hulitumia neno vibaya, basi jambo lenyewe ni ulaghai. Deng alikuwa na kila sababu ya kuamini hivyo baada ya 2014. Alipopata nafasi ya kuwa kiongozi, alitanguliza pesa yake kabla hajamwomba kijana yeyote atangulize jasho lake. Viongozi wetu wa michezo wanaosimama mbele ya vijana na kuwahubiria uzalendo wangepimwa kwa kipimo hicho, na ningependa kuona wangapi wangepita.

Pingamizi jingine ni la mzazi. Kijana wa kijijini kwetu, anayetaka kutoka, ataonekana vipi kama atatumia mchezo mzima kuwawekea wengine mpira? Mskauti haji mara mbili. Wasiwasi huu naufahamu, na haumezwi na maneno matamu. Lakini tazama waliotoka ukanda huu walitoka kwa lipi. Hasheem Thabeet alianza kikapu akiwa na umri wa miaka 15 hivi, Dar es Salaam, na alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa NBA wa 2009, mbele ya James Harden na mbele ya Stephen Curry. Chuo kikuu cha Connecticut alikuwa mkabaji bora wa ligi yao ya Big East misimu miwili mfululizo, akizuia wastani wa mitupo 4.2 kwa mchezo msimu wake wa mwisho. Bol, Mutombo, Biyombo, Thabeet: hakuna hata mmoja aliyeitwa Marekani kwa sababu ya kujichezea mwenyewe. Waliitwa kwa kazi ambayo hufanywa kwa ajili ya wengine. Kinachomdanganya kijana ni simu. Kipande cha sekunde kumi na tano kinachozunguka mitandaoni huanza mpira ukiwa tayari mkononi mwa mfungaji. Pasi imekatwa, kizuizi kilichomfungulia njia kimekatwa, na aliyeokota ribaundi upande wa pili hayumo kabisa. Mtoto anayejifunza kikapu kwa vipande hivyo anajifunza sentensi bila mwanzo wake.

Thabeet ndiye Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, na yaliyompata huko yanajulikana. Memphis walimpeleka ligi ya chini katika msimu wake wa kwanza, akahamia Houston, Portland na Oklahoma City, na wastani wake wa pointi katika NBA ukabaki 2.2. Nchini tulimsema kwa ukatili. Waliomshangilia kwa namba mbili ya uteuzi ndio waliomcheka kwa namba mbili ya pointi, na mara zote mbili walikuwa wakihesabu mtu mmoja. Simwoni kuwa mbinafsi hata kidogo. Kosa lilikuwa letu: tulimfanya kuwa mali ya kujivunia badala ya kuwa mwanzo wa kitu. Mwaka 2009 ulikuwa mwaka wa kuweka magoli ya kikapu mashuleni, wa kufundisha walimu wa michezo, wa kuzipa uhai ligi za mikoa wakati kila mtoto mrefu nchini alikuwa akilitaja jina lake. Miaka zaidi ya kumi na tano imepita, na bado hatujamwona Mtanzania wa pili akichaguliwa juu namna hiyo. Wasudani Kusini walianza kujenga miaka kumi baadaye, wakiwa na nchi changa kuliko Thabeet mwenyewe.

Hapa Igwachanya, makao makuu ya wilaya ya Wanging'ombe, na kote kuanzia Makambako hadi Njombe mjini, mpira wa miguu na netiboli ndivyo vinavyotawala viwanja vya shule, na sioni ubaya. Timu ya Njombe Mji ilipopanda Ligi Kuu msimu wa 2017/18 mkoa mzima ulisimama, hata kama ilishuka msimu huohuo. Lakini kikapu kimo katika UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, na ni mchezo wa watu watano unaohitaji eneo dogo, sakafu ngumu na nguzo mbili. Kabla ya fedha kuna jambo ambalo walimu wa michezo wanaweza kulianza muhula ujao bila kibali cha mtu: karatasi ya mezani ya kumbukumbu za mchezo iwe na safu ya pasi za kufungisha, safu ya ribaundi na safu ya mipira iliyozuiwa, na zawadi ya mchezaji bora itolewe kwa kuzisoma safu zote. Sasa hivi mashuleni mara nyingi kinachoandikwa ni pointi tu, na kinachosomwa mbele ya mstari asubuhi ni jina la aliyefunga. Watoto wana akili. Wanajua mara moja kinachohesabiwa, na wanakifuata. Na sisi tunaoandika magazetini tunaanza habari kwa mfungaji na kumalizia kwa mfungaji, kisha tunashangaa vijana kugombea mpira.

Kwa shirikisho la kikapu nchini, TBF, nina jambo moja mahususi. Deng alipochaguliwa kuongoza shirikisho la kwao alikuwa na miaka 34, hana uzoefu wa ofisi, ana jina na watu waliokuwa tayari kumsikiliza. Thabeet alizaliwa Februari 1987. Baada ya NBA amecheza Japani na Taiwan, amefanya kazi chini ya makocha wa mabara matatu, anajua ndani na nje kinachomwinua kijana mrefu wa Kitanzania na kinachomwangusha akifika huko bila maandalizi. Jina lake halijafungwa kwa wastani wa 2.2, kama la Deng halikufungwa siku Chicago ilipomuuza. Apewe kazi yenye bajeti na mamlaka juu ya vijana wa chini ya miaka 18, si kiti cha mgeni rasmi, na aanze na mikoa ambayo haina hata uwanja mmoja wa kikapu wenye sakafu.